Nani Amwendee Nani

Mwaka ule wa tisini na sita, Evarist aliniambia mbele ya wateja wangu sokoni kwamba picha niliyoitengeneza haitamaliza nusu saa kwenye ukumbi wake wa video.

"Dada Emerensiana, watu wa Mbinga hawaangalii picha, wanaisikiliza," alisema.

Alikuwa na sababu ya kujidai. Kila jioni aliwasha jenereta, akaweka kanda ya karate, akakaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, akaeleza kila ngumi kwa Kiswahili, hata pale ambapo yeye mwenyewe hakuelewa kitu. Watu walimpenda. Hata mimi nilimpenda, ila siku ile nilitamani kumtwanga na viatu vya mitumba nilivyokuwa nauza.

Picha yangu ilikuwa na maneno machache, tena kwa makusudi. Kijana wa Kimatengo anateremka ziwani, anaoa Mnyasa wa huko bila kumsubiri kaka yake mkubwa aoe kwanza, na baada ya miaka mingi anarudi nyumbani mlimani. Nani amwendee nani? Basi, hiyo ndiyo picha nzima.

Tukakubaliana hivi: Evarist atanyamaza. Lakini mtazamaji wa kwanza akiuliza kuna nini, yeye atashika kipaza sauti, na kuanzia hapo picha itakuwa inaelezwa na yeye kila itakapoonyeshwa. Nilikubali kwa hasira, na hasira haijawahi kunishauri vizuri. Picha ile ndiyo kitu pekee nilichowahi kutengeneza bila kuagizwa na mtu. Sikutaka isemewe na yeyote.

Niliporudi nyumbani hofu ikanishika, maana nilikumbuka siku tulipoanza kuipiga. Tulikuwa kwa Mzee Othmar, katekista mstaafu aliyeigiza kaka mkubwa. Kamera ilikuwa ya Florian, mpiga video wa harusi. Niliwaambia wanaume walioigiza ndugu wakae kama wanavyokaa sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kuamua mambo yao. Nikageuka kidogo kuongea na Florian. Kutazama tena, nikakuta wamejipanga mstari, mabega sawa, macho kwenye kamera, mmoja wao ameazima tai.

"Hii ni sengu au picha ya kipaimara?" niliuliza.

"Tukikaa duara, wengine watawapa watazamaji mgongo," alijibu Mzee Othmar. "Mimi sikulelewa hivyo, mwanangu."

"Mgongo ndio ninaoutaka, baba."

Nikawaeleza. Nilipokuwa msichana nilitumwa kupeleka ugali sengu, na kabla sijautua chini nilishajua nani ana kesi siku hiyo. Hakuna aliyeniambia. Nilitazama tu nani kakaa karibu na babu, nani kasogezwa mlangoni, nani hapishwi. Nilitaka na watazamaji waingie wakiwa na macho yale yale.

Wakanung'unika, lakini wakakaa duara, wakaacha nafasi moja wazi. Egidi, aliyeigiza mdogo mtu, akaingia na kifurushi cha usipa, vile visamaki vikavu vya ziwani. Alipofika mlangoni tu, kaka zake wakajisogeza kidogo, makalio tu, na ile nafasi ikapotea. Florian alisimama nyuma ya bega la Egidi, kwa hiyo kwenye kamera ilionekana migongo mitupu. Egidi akakaa kizingitini, usipa magotini.

Shida ikaja kwenye mwisho. Mzee Othmar alikuwa ameandaa hotuba ya msamaha ndefu kuliko mahubiri ya Pasaka. Nikamwambia asiseme neno, ainuke tu amwendee mdogo wake.

"Mkubwa amwendee mdogo? Umeona wapi?"

"Mkubwa ni jalala, baba."

"Jalala halitembei, linafuatwa!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bahati nzuri chakula kilikuwa tayari. Nikasema watu wale pale pale walipokaa, Egidi abaki kizingitini, na Florian asizime kamera. Sikumficha mtu, taa yake nyekundu ilionekana.

Mzee Othmar akakata tonge, akatazama mlangoni, akalirudisha.

"Mwiteni kijana aje ale."

"Aje akae wapi, baba?"

Akazungusha macho kwenye duara. Hapakuwa na pa kukaa, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioziba. Wote wakaacha kutafuna. Mzee akashika goti, akainuka na bakuli lake, akavuka chumba, akakaa chini kabisa miguuni pa Egidi, akamsogezea ugali. Mmoja wa wale kaka akanyanyuka akamfuata, kisha mwingine, hadi sengu yote ikawa imehamia mlangoni na hakuna aliyebaki kule walikokuwa. Mimi nilikuwa nimeuma khanga nisipige kelele.

"Sasa hotuba yangu niitoe?" Mzee aliuliza hatimaye.

"Umeshaitoa, baba."

Tukaionyesha kwa Evarist Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya pili. Ukumbi ulijaa. Hata akina mama wa ziwani waliopandisha samaki sokoni waliingia, na mbele kabisa alikaa Mama Walburga wa Lipingo na kapu lake tupu.

Migongo ikajaa kwenye televisheni. Mabenchi yakaanza kulia. Sauti ya kijana ikatoka nyuma: "Mbona wanatupa migongo? Kuna nini hapo?"

Evarist akakohoa kwenye kipaza sauti. "Ndugu watazamaji, hapa ni kwamba..."

"Wewe Evarist, nyamaza!" Mama Walburga aligeuka mzima mzima. "Huoni wameziba nafasi yake? Kaka zake wa damu hao!"

"Wamemziba kweli," akasema mzee mmoja wa Kimatengo. "Hii kesi kubwa."

Evarist akajaribu tena. Safari hii maganda ya karanga yakamwangukia kutoka kila upande. "Kaa chini! Tunaona wenyewe!"

Tunaona wenyewe! Ningeweza kumbusu kila aliyesema vile.

Mzee Othmar aliporudisha tonge lake, ukumbi ulitulia, ikabaki jenereta tu nje. Akashika goti. "Hawezi," mtu akanong'ona. "Anainuka," akajibu mwingine. Alipopiga hatua ya kwanza, ukumbi ukalipuka: "Anakwenda! Mkubwa anakwenda!" Vigelegele vikapanda. Mama Walburga akasimama na kapu kichwani, akacheza mbele ya televisheni akiwaziba watu, na hakuna aliyemgombeza. Kila kaka aliyenyanyuka kumfuata mkubwa alishangiliwa kama ndugu yao. Nililia wazi wazi, na sikutafuta kitambaa.

Picha ilipoisha, Evarist akatangaza: "Walioona watoke, wapishe wenzao!" Hakuna aliyetikisika. Walio nje walikuwa wanasukuma mlango.

"Rudisha!" wakapiga kelele. "Rudisha pale anapoinuka!"

Evarist akanitazama. Nikamwinulia nyusi, maana uungwana una mipaka. Akarudisha kanda.

Mara ya pili, Mzee Othmar aliposhika goti, ukumbi mzima ulisimama pamoja naye, wakubwa kwa wadogo, wa mlimani na wa ziwani. Na sauti iliyozizidi zote ilikuwa ya Evarist, amesimama juu ya kiti chake, kipaza sauti amekisahau sakafuni: "Nenda, mzee! Nenda!"