Rafadha za Nyuma

Kwa miaka mitatu Kemuma alivumilia ndege aliyokuwa akiiunda mumewe, Nyabuto, kwenye banda la ng'ombe, pale Magwagwa. Injini moja Nyabuto aliitoa kwenye pikipiki, nyingine kwenye pampu ya maji, na zote mbili akazifunga nyuma pamoja na rafadha zake, yale mapanga yanayozunguka. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Kemuma alinuna, akaapa hatauliza kamwe itaruka lini.

Jumapili moja uvumilivu ulimwishia. "Baba Linda, ndege ndogo zote nilizoona zina rafadha mbele. Yako nani kaigeuza?"

"Panda kwanza," alisema Nyabuto, akampa bega.

Tangu aanguke na kikapu cha majani chai, mguu wa kulia wa Kemuma haukunjiki. Garini huketi kiupande, kanisani hukaa mwisho wa benchi. Humu ndegeni aliunyoosha, nao ukaenda wote mbele, mpaka kisigino kikatua juu ya kipande cha blanketi.

"Injini ingekaa mbele," alisema Nyabuto, "mguu wako ungekaa wapi?"

Kemuma alitazama nje mlangoni, kwenye michai.

"Basi itaruka lini?"