Bamvua Pimlico

Mwanabaraka alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya bafu, akimsugua Bi Bridget nyayo kwa sabuni, alipohisi kitu vuguvugu kinamgusa goti. Alidhani ni maji ya shawa. Kutazama chini, maji hayashuki. Lile tundu la sakafuni lilikuwa likigugumia kama mtu anayesukutua koo, kisha likatema. Yalianza maji meusi, yakafuata mapande, na hayo mapande hayakuhitaji mtu wa kuyaeleza. Yakamzunguka miguu Bi Bridget, aliyekaa uchi juu ya kiti chake cha plastiki, yakajipenyeza baina ya vidole vyake.

Bi Bridget alikuwa mjane wa miaka themanini na mitatu, hana mtoto, na kwa miaka sita Mwanabaraka ndiye aliyekuwa akija kumwogesha, kumvisha na kumwandalia chakula. Aliinamisha kichwa, akaona, uso ukambadilika.

"Ni mimi?" akauliza. "Baraka, nimejichafua?"

"Si wewe. Ni bomba."

"Usinifiche."

"Wallahi si wewe, Bi Bridget. Haya, shika bega langu, inua mguu."

Akamfunga taulo, akamkokota hadi chumbani, na nyuma yao uchafu ukavuka kizingiti ukaingia kwenye zulia. Choo nacho kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, kinachuruzika. Fleti ile ilikuwa chini ya barabara, unashuka ngazi saba kuifikia, mitaa miwili tu kutoka mto Thames, na haikuwa na dirisha la maana. Mwanabaraka alichemsha maji kwenye birika, akamwosha bibi wa watu kwenye beseni, mara moja, mara mbili, mara tatu, mwenyewe amebana pumzi. Akamvisha. Halafu akatoka nje kwenye mvua, akasimama chini ya zile ngazi, akatapika mpaka ikabaki nyongo tupu.

Ilikuwa saa tisa na robo alasiri. Ilipogonga kumi na nusu maji yalikuwa yamerudi yalikotoka, yameacha utelezi wa mafuta ukutani, kimo cha shubiri moja, na vitambaa vya kupangusia watoto vimenasa kwenye miguu ya kitanda.

Kwenye treni ya kurudi Walthamstow watu waliinuka mmoja mmoja wakahamia mbele. Huo ndio ustaarabu wa London: mtu hukwambia unanuka kwa kuhama kiti. Mwanabaraka aliangalia viatu vyake njia nzima mpaka kituo cha mwisho. Nyumbani alikoga mara tatu. Tangu utotoni alifundishwa kwenye chuo cha Kurani kwamba najisi huoshwa mpaka iondoke rangi, ladha na harufu. Rangi iliondoka. Harufu ilikuwa imekaa kwenye nywele na kwenye mistari ya viganja, na aliposimama kusali magharibi hakuwa na hakika kama yu twahara. Binti yake Zahra alichungulia mlangoni, akaziba pua.

"Mum, what is that smell?"

"Mavi ya watu wa Pimlico," Mwanabaraka akajibu. "Nifungulie dirisha."

Siku ya tatu akaja ofisa wa kampuni yenye nyumba, kijana nadhifu aitwaye Vijay, amevaa mifuko ya plastiki ya buluu juu ya viatu. Alisimama mlangoni mwa bafu, hakuingia. Mwanabaraka alikuwa ameviokota vile vitambaa akavitia kwenye mfuko ili avione. Vijay akavipiga picha.

"Ndivyo hivi vinavyoziba bomba," akasema, kama mtu aliyepata alichokijia. "Nani anavitupa chooni?"

"Havikutoka humu. Vimekuja na maji."

"Wewe ndiye mhudumu? Unampangusa na nini mteja wako?"

"Kitambaa cha pamba, maji na sabuni. Kisha nakifua."

"Kila mhudumu husema hivyo." Akaandika kitu kwenye simu yake. "Na huyu, samahani, hana shida ya kujizuia?"

Aliyasema hayo mbele ya Bi Bridget, kana kwamba pale palikuwa na kabati. Bi Bridget akageuza uso ukutani.

Mwanabaraka alishawahi kumwona mtu wa namna ile. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, kijijini kwao kusini mwa Pemba, mwaka ambao bonde la mpunga la baba yake, Mzee Shaame, lilianza kufa. Bahari haikuja kwa mbele kama watu wanavyodhani. Ilikuja kwa chini, ikapita kwenye mashimo ya kaa, ikachomoza katikati ya mpunga kama jasho. Mpunga ukageuka rangi ya kutu, ukakauka umesimama. Akaja bwana shamba na viatu vyake vya ngozi, akasimama juu ya tuta, hakuteremka, akasema, "Tatizo lenu nyinyi hamjui kupalilia." Baba yake alinyamaza. Miaka arubaini imepita, na ule unyamavu bado ulikuwa ukimchoma Mwanabaraka kuliko lile bonde lenyewe.

Jumapili alimpigia simu mdogo wake Mansour, aliyebaki kijijini, akamsimulia yote. Mansour akacheka kicheko kisicho na raha.

"Yalitoka saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na ilikuwa mwezi ngapi?"

Mwanabaraka akaitazama kalenda ya msikiti iliyobandikwa jikoni. Mwezi kumi na sita, kwa hesabu ya mwandamo. Akahesabu kurudi nyuma: siku moja wiki mbili kabla, Bi Bridget alipomwambia amekuta kidimbwi cheusi bafuni, ambayo wote wawili waliipuuza, ilikuwa mwezi pili.

"Dada, hiyo bamvua hiyo, maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu," Mansour akasema. "Hata mtoto wa huku angekwambia. Huku maji yakijaa ya bamvua vyoo vya shimo vinapanda. Mama n'shamhamisha juu mlimani, kwa jirani yetu Bi Siham, maana choo kimeingia kisimani. Kila mwaka yanakwea zaidi. Maji yakikosa pa kwenda yanarudi, na yakirudi yanakuja na kila tulichokifukia."

Ghorofa ya kwanza, juu ya fleti ya Bi Bridget, alikaa Mzee Gurmit, mstaafu aliyefanya kazi miaka thelathini ndani ya mitaro ya maji machafu ya jiji. Mwanabaraka alimsubiri kwenye ngazi, akamuuliza kama inawezekana choo cha London kikafuata mwezi. Mzee hakucheka.

"Bomba letu linatokea mtoni," alisema. "Mdomoni pana mlango wa chuma. Mto ukijaa, mlango unajifunga ili mto usiingie kwetu. Lakini na uchafu wetu nao haupati pa kutokea. Mvua ikinyesha wakati huo, unarudi kwa aliye chini kuliko wote. Zamani ulikuwa unafunga kidogo tu. Siku hizi bahari inausukuma mto juu zaidi, mlango unafunga mapema na unachelewa kufunguka."

"Kampuni wanajua?"

"Mimi mwenyewe niliwaandikia. Mara mbili."

Zahra alitafuta kwenye simu yake jedwali la kujaa na kupwa kwa mto. Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tisa alasiri, maji yangekuwa makubwa kuliko siku zote za mwezi huo, na mvua ilitabiriwa kutwa nzima. Mwanabaraka akampigia Vijay.

"Unataka niandike kwenye ripoti kwamba kosa ni la mwezi?" Vijay akauliza.

"Andika ni bahari."

"Bahari iko mbali sana na Pimlico, mama."

"Basi njoo Alhamisi saa tisa uone ilivyo mbali."

Kisha akampigia msimamizi wake wa kazi, Rupal, kuomba ruhusa ya kumhamishia Bi Bridget kwa Mzee Gurmit siku hiyo. Rupal alisema mteja haruhusiwi kuogeshwa wala kuhudumiwa nje ya anwani iliyoandikwa. Mwanabaraka akamshukuru, akakata simu, na Alhamisi ilipofika akamvisha Bi Bridget koti, wakapanda ngazi moja moja, dakika ishirini na tano, mpaka kwenye kochi la Mzee Gurmit.

Vijay alikuja. Alikuja na fomu. Ilitakiwa Bi Bridget aweke saini kukubali kwamba ameonywa asitupe vitambaa chooni, na Vijay alihitaji picha moja zaidi ya bafu ya kuambatanisha.

"Usiingie bafuni sasa," Mwanabaraka akamwambia pale kwenye ngazi, mvua inawapiga wote wawili. "Nakwambia kwa wema."

"Dakika moja tu."

Hakuchukua hata dakika. Mwanabaraka alisikia lile gugumio, halafu sauti ya mtu anayeteleza, halafu yowe. Vijay akatoka ameloa mpaka magotini, mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine anauweka mbali na mwili wake kana kwamba si wake tena. Akainama, akatapika palepale Mwanabaraka alipotapikia. Mwanabaraka akamletea maji ya kunywa na ndoo ya maji ya kunawa. Alikuwa amefikiri wiki nzima kwamba siku hiyo angefurahi. Alipomtazama yule kijana akijisugua vidole, aliona kinyaa tu, kinyaa na uchovu.

"Samahani," Vijay akasema. "Nitaandika. Nitaandika yote."

Labda aliandika. Barua iliyokuja baada ya siku kumi haikuwa na jina lake. Ilisema fleti ile haikufaa tena kwa mahitaji ya kiafya ya mpangaji, ngazi zikiwa nyingi. Maji hayakutajwa. Bi Bridget akapelekwa nyumba ya wazee nje kabisa ya jiji, ghorofa ya tatu, ambako wahudumu walilalamika kuwa hataki kukanyaga sakafu ya bafu hata kwa viatu. Rupal naye alimwandikia Mwanabaraka onyo: alimhamisha mteja bila idhini. Akaliweka kwenye droo, akapewa mteja mwingine, mtaa wa pili kutoka fleti ile.

Ndiyo maana mwezi wa Januari, akiwa njiani kwenda kituo cha treni, alipita mbele ya ile nyumba akaona pazia jipya chini ya barabara, na jozi tatu za viatu vidogo zimepangwa kwenye kidirisha. Alisimama. Alitaka kuendelea na njia yake. Akateremka zile ngazi, akabisha.

Alifungua mwanamke wa makamo ya miaka thelathini, kitambaa kichwani, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa akimbembeleza mtoto kwa Kiswahili, na Mwanabaraka akamsalimu kwa lugha hiyo hiyo.

"Ee Mungu! Karibu, mama, ingia," yule mwanamke akasema kwa Kiswahili cha Kongo. Jina lake Emérence, kwao Bukavu, na walikuwa wamehamia pale siku ya Jumamosi. "Walituambia nyumba ni mupya kabisa."

Kweli ilinukia rangi. Kuta nyeupe pe, zulia jipya la kijivu. Chini ya ile rangi, kwa aliyeijua, ile harufu ilikuwepo, imekaa kimya. Mtoto wa pili, wa mwaka mmoja na nusu hivi, alikuwa amechuchumaa bafuni, akapitisha vidole kwenye lile tundu, akavitia mdomoni. Mwanabaraka alimrukia akamnyanyua kwa nguvu mpaka mtoto akalia.

"Kuna nini, mama?" Emérence akauliza, ameogopa.

Mwanabaraka akamweleza. Alimweleza bila kupamba na bila kupunguza, tangu miguu ya Bi Bridget mpaka barua ya ngazi. Emérence alisikiliza huku akimfuta mtoto vidole, kila kidole peke yake, tena na tena.

"Tulikaa myaka mbili mu chumba kimoja ya hoteli, kungojea nyumba, sisi watu watano," akasema mwisho. "Nilifunga, niliomba, Mungu akatupa hii. Sasa niende wapi?"

Emérence akaketi kitandani. Kisha akauliza, sauti imebadilika, "Walijua? Mbele ya kutupatia ufunguo, walijua?"

"Walijua. Mmoja wao yalimfika magotini."

"Walijua, na wakapaka rangi." Aliyasema neno kwa neno, kama anayetema mbegu. Akainuka, akachukua simu na kalamu. "Mama, uko tayari kusema ile yote mbele ya avoka, mbele ya wakili, na jina yako ikiwa juu?"

Mwanabaraka akalifikiria lile onyo lililomo kwenye droo. Mkataba wake ulisema wazi: mambo ya wateja hayasemwi nje. Akijitaja, kazi imekwenda.

"Andika," akasema. "Mwanabaraka binti Shaame. Nikutajie herufi?"