Taa za Barabara ya Uyole

Danieli alikuwa fundi redio pale Uyole, kwenye kibanda cha mabanzi kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Mwezi wa sita, mwaka 1974, alitengeneza taa mbili ndogo za kuonya magari, nyekundu na njano, akazitundika kwenye mti mbele ya kibanda. Mahali hapo ndipo lori lilipokuwa limemgonga mkewe, Rozalia, akivuka kutoka sokoni na beseni la njegere. Lori halikusimama. Polisi waliandika, wakaondoka.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa transista mbili alizozitoa kwenye redio mbovu. Moja ikiwasha taa yake, inaizima ya mwenzake. Kisha kapasita inajaa umeme polepole, kama debe chini ya bomba linalodondosha maji, na ikishajaa zamu inageuka. Lakini Danieli alipounganisha betri, taa zote mbili zilikaa kimya. Alikagua kila mahali alipolehemu, hakuona kosa. Transista zilifanana mno. Kila moja ilikuwa inamngoja mwenzake atangulie.

"Zina adabu," alisema Damari, jirani yake muuza chai.

"Adabu haiwashi taa," Danieli akajibu.

Jioni, baridi ilipoanza kushuka, Rozalia alivuka barabara na beseni lake. Alikuwa amefariki tangu Februari. Alimsalimia Damari, "Kamwene," kama wanavyosalimiana kwao Iringa. Damari akaitika, akaendelea kusuuza vikombe.

"Mbona umekonda?" Rozalia alimwuliza mumewe.

"Najipikia mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Aliinama, akaipulizia transista ya kushoto pumzi moja, kama mtu anayechochea jiko. Taa nyekundu ikawaka. Ikazimika, ikawaka ya njano. Zikaendelea hivyo, kwa zamu, bila haraka.

"Lazima mmoja aanze," alisema. "Hata sisi, tulipokutana kule misheni, ni mimi niliyekusalimia. Wewe mpaka leo ungekuwa unatazama viatu vyako."

Danieli alimvika sweta lake. Wakakaa wakimenya njegere mpaka giza lilipoingia, ndipo Rozalia akaaga.

Akawa anakuja kila jioni kuzianzisha. Siku moja Danieli alipata transista nyingine iliyotofautiana kidogo na zile mbili, ambayo ingeufanya mtambo uanze wenyewe. Aliishika kwa muda, kisha akaifungia kwenye kopo na kulisukuma nyuma ya rafu.

Alikuja pia bwana mmoja wa mambo ya barabara, kwa sababu Danieli alikuwa ameomba matuta mara kwa mara. Bwana yule alizitazama taa, akazisifu.

"Sasa matuta ya nini? Taa mnazo."

Wiki ile ile Damari alileta kiti chake akaketi karibu na Danieli.

"Fundi, nitengenezee na mimi. Kaka yangu Lutengano yuko kule Igawa kila jioni, amekaa tu pale walipomgonga. Hana kazi."

Danieli akamtengenezea. Wengine wakasikia, wakaja. Kufikia Krismasi taa zilikuwa zinawaka na kuzimika kutoka Uyole hadi Igawa, kila moja na mtu wake wa kuianzisha. Madereva waliipenda sana barabara hiyo. Walisema kona zinaonekana toka mbali, mtu anakanyaga mafuta bila wasiwasi.

Januari alifika mwanamume kutoka Igurusi, kofia mkononi, kuagiza taa ya binti yake aliyegongwa wiki iliyotangulia. Alipoondoka, Danieli alipasha moto chuma cha kulehemu. Rozalia akamshikia tochi.

"Ana miaka mingapi?" aliuliza.

"Sita."

Rozalia alisogeza tochi karibu. Nje lori lilipita, vikombe vya Damari vikatikisika.

"Basi mwambie aitundike chini," alisema. "Mtoto aifikie."