Viti Viwili na Mchumba wa Mochwari

Msusi alikuwa na mdomo usiojua likizo. Kila aliyewahi kuinamisha kichwa mbele yake asukwe alijua anavyowafikiria wahudumu wa mochwari: walevi, hawana huruma, wanacheka na maiti kama watu wa kijiweni. Basi likamkuta lake. Bintiye, mtoto wa pekee, akapata mchumba, na mchumba mwenyewe kazi yake mochwari.

"Mama, nakwambia mapema," binti alimwonya. "Ukimdharau huyu, hapa kwako sikanyagi tena. Kazi yake usiiwaze hata kidogo."

Msusi akaapa. Ana mtoto mmoja, ampoteze kwa ajili ya mdomo? Siku ya ugeni akajikataza kuwaza maiti tangu alfajiri, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Akitandika shuka jeupe, hao. Akifungua friji, hao, anaufunga mlango haraka.

Mgeni akaja, kijana mpole, shati limenyooka. Viti viwili vilikuwa vimepangwa pua na mdomo.

"Karibu, mwanangu. Habari za kazi?" Ulimi umeshateleza.

"Nzuri, mama. Leo kimya tu."

Msusi akasogeza kiti nyuma kidogo.

"Utakunywa... maji," akasema upesi. "Nimesema maji, sijasema mai... sijasema kingine."

Akasogea tena. Ajabu ni kwamba na mgeni naye alikuwa anasogea. Baada ya muda Msusi kaegemea mlango wa jikoni, mgeni yuko kizingitini mguu mmoja wa kiti uko nje, na kuulizana hali ni kwa kupaza sauti.

Binti akachukua mkoba. "Nimeona ya kutosha. Twende zetu."

Machozi yakamlengalenga Msusi. "Ngojeni kwanza. Nitasema ukweli, kisha muende mkitaka. Tangu asubuhi naona maiti tu. Nimekatazwa kuwawaza, ndiyo kwanza wamejaa nyumba nzima. Sikuchukii, baba. Naogopa."

Mgeni akajifuta jasho. "Hata mimi nimekatazwa, mama. Nimeambiwa nisiwaze kabisa kwamba mama wakwe ni wakali."

"Na ukawaza?"

"Njia nzima. Kila ukirudi nyuma nikajua unaufuata mwiko jikoni."

Wote wawili wakamgeukia binti, aliyesimama na mkoba wake hana pa kutazama.

"Weka hilo limkoba ukachemshe chai," Msusi akamwambia. "Ukali wenyewe hujauona bado."

Akakokota kiti chake mpaka katikati ya chumba, akangoja mgeni naye akokote chake.

"Haya, mkwe, leo nikuulize mwenyewe. Hivi kweli huwa mnacheka nao?"

"Hapana, mama. Tukitaka kuwageuza, tunawaomba radhi kwanza."

Msusi akakivuta kiti karibu zaidi. Akamshika mkono, akabaki ameushika mpaka chai ilipoletwa.