Mzee Asiye na Mtu Melini

Soksi zilikuwa tatu, za kahawia, zimefungwa kwenye ukingo wa sitaha, zikipepea sambamba na bendera. Ya nne bila shaka bahari ilikwisha kuichukua. Nahodha alisimama mbele ya soksi hizo, mikono nyuma, kisha akamgeukia mratibu.

"Hizi ni za nani?"

Mratibu alizijua. Alizinunua yeye mwenyewe akampelekea baba yake. Lakini walimu wawili walikuwa pale wakichekea tumboni, na jibu likamtoka kabla hajalitafuna.

"Nitaulizia, nahodha."

Meli ile ilikuwa shule. Watu wazima ambao elimu iliwapita utotoni, au waliionja kidogo tu, walipanda kwa miezi mitatu. Walisoma asubuhi, na kila bandari walishuka kujifunza kwa macho. Walimu walikuwa na masomo yao. Mratibu alikuwa na yale yote yasiyoandikwa ubaoni. Nani alale na nani, maana mwenye kukoroma huwezi kumweka na mwenye usingizi wa kuku. Zamu za kufua. Ugomvi wa meza ya dirishani. Mgonjwa, mpweke, na yule ambaye habari ya msiba inamkuta katikati ya maji, hana pa kukimbilia. Kazi hiyo aliifanya vizuri, na alijua kwamba anaifanya vizuri.

Baba yake alikuwa fundi bomba mstaafu. Aliomba nafasi kimyakimya, akafanya usaili kama wengine, akapita. Siku ya kupanda ndipo binti yake alipomwona anakuja kwenye ngazi, amevaa koti lililoshonewa mtu mnene kuliko yeye, sanduku limekazwa kwa kamba. Moyo wa binti uliruka kwa furaha. Kisha mzee akaanza kumpa mkono kila mtu aliyemkuta njiani, hata waliokuwa wamebeba mizigo wakalazimika kuiweka chini. Alipofika kwa nahodha hakuishia kwenye salamu. Alitaka kujua chuma kizito namna ile kwa nini hakizami. Nahodha alieleza. Mzee akauliza tena, "Kwa nini?" Foleni ikasimama nyuma yake mpaka chini bandarini. Kabla hawajang'oa nanga, wenzake walikwisha kumpa jina: Mzee Kwa Nini.

Siku ya soksi, mratibu alimkuta chumbani peke yake, kitabu cha hesabu kiko magotini. Akafunga mlango.

"Baba, nguo hazianikwi juu. Kuna chumba cha kufulia."

"Kule hakuna upepo. Juu upepo ni wa bure."

"Na kuna jambo lingine." Alikitazama kidirisha cha duara badala ya kumtazama yeye. "Humu melini usiniite mwanangu. Wala usimwambie mtu. Kazi yangu ina masharti, mfanyakazi hatakiwi kuwa na jamaa yake kati ya wanafunzi. Watasema napendelea."

"Kwa nini? Si nimefanya usaili kama wao?"

"Ndiyo hivyo, baba. Ni masharti."

Mzee alilipima jambo hilo kidogo. "Sasa nikuiteje?"

"Mratibu. Kama wengine."

"Mratibu," akasema polepole, kama mtu anayefungulia maji aone kama kiungo kinavuja. "Haya. Si kazi ngumu."

Masharti hayo hayakuwapo. Aliyatunga akiwa amesimama pale, kitasa bado kiko mkononi.

Mzee aliishika ahadi kuliko alivyoombwa. Wakikutana kwenye ujia, binti alisema, "Shikamoo, mzee," kama alivyowaamkia wazee wote, naye akajibu, "Marahaba, Mratibu," akampisha apite, maana mratibu ana haraka. Mezani wenzake walipomwuliza kama ana watoto, hakusema uongo.

"Ninaye mmoja."

"Yuko wapi?"

"Yuko kazini. Kazi imemmeza."

Mratibu alikuwa meza ya jirani, anapanga nani akae wapi. Aliendelea kupanga.

Kisha ikaja hali mbaya ya hewa, na bahari ikamlevya mzee. Hakuweza kusimama wala kuweka kitu tumboni. Aliyemwuguza ni mwanafunzi mwenzake, mama mmoja mshonaji, mjane mwenye ulimi mkali, ambaye meli nzima ilimwita Mama Sindano. Alimshikia ndoo, akamlisha maji kwa kijiko, akamfulia shuka. Akichoka, alipokewa na dereva mstaafu wa malori aliyelala chumba kimoja na mzee. Huyo walimwita Breki, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona anaharakisha.

Mratibu alifika mlangoni kila asubuhi na kila jioni, kama alivyofika kwa wagonjwa wengine.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ahsante, Mratibu," baba yake alijibu toka kitandani, uso umebadilika rangi. "Nina watu wangu hapa. Usijisumbue."

Alikuwa na namna yake ya kulalia ubavu, mkono chini ya shavu, ambayo binti yake aliijua tangu angali mdogo. Alisimama pale kizingitini akiitazama, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Kisha Mama Sindano akamwomba asogee, anamwaga ndoo.

Kesho yake walikutana chumba cha kufulia. Mama Sindano alikuwa anakamua shati la mzee kwa hasira, kana kwamba shati ndilo lililokosa.

"Dada Mratibu, hebu niambie wewe uliyesoma. Mtu ana baba kama yule. Baba anaumwa mpaka anataja jina la marehemu mkewe, na mtoto wala hana habari. Kazi imemmeza. Kazi gani inameza mtu mzima mzima?"

"Labda hajui kama anaumwa."

"Hajui kwa sababu haulizi. Mtoto huyo nikimtia mkononi, nitamvuta masikio yafike hapa." Akaonyesha begani. "Au nasema uongo?"

Alikuwa anangoja jibu, shati linachuruzika. Mratibu akasema, "Watu wengine hawana haya."

"Ndiyo maana nakupenda, dada. Wewe una utu."

Mratibu alitamani ardhi ipasuke immeze, akakumbuka kwamba hapo walipo hata ardhi hakuna.

Sasa melini mle palikuwa na desturi moja, nayo aliianzisha yeye mwenyewe safari za nyuma. Mwezi wa kwanza wa safari ukiisha, kila aliyepanda bila mtu alipewa ndugu. Haikuwa mchezo wa kuigiza. Ndugu wa melini hukugongea mlango asubuhi, hukushika mkono mnaposhuka bandarini, hukaa nawe ukiugua, na habari mbaya ikija toka nyumbani yeye ndiye anayeitwa kwanza. Wakubwa wa ofisi walimsifu sana kwa jambo hilo. Hufanyika alasiri, katika ukumbi wa chakula, wanafunzi wote wamevaa nguo zao nzuri. Mratibu humwita mpweke mbele, huuliza nani anasimama naye, anayejitokeza huja akamshika mkono, na mratibu hutamka mbele ya wote kwamba kuanzia leo fulani ana mtu.

Mama Sindano alikwisha kumwambia atasimama na mzee, awe binti yake. "Atakufa kwa kihoro tukimwacha," alisema. Mratibu alijibu kwamba ni wazo zuri. Angejibu nini kingine? Alijipa moyo kwamba baba atapata mtu wa kumwangalia, safari itaisha, watarudi nyumbani, na mambo yataishia baharini.

Alasiri ile ukumbi ulijaa. Wapweke wengine walipata ndugu zao, makofi yakapigwa, watu wakafuta macho. Mwisho akaitwa Mzee Kwa Nini. Alikuja kwa miguu iliyokuwa bado haijapata nguvu, koti lake amelipiga pasi.

"Mzee huyu alipanda peke yake," mratibu alianza, kama kawaida. "Nani anasimama naye?"

"Mimi," Mama Sindano akasema, akaja akamshika mkono.

Lililobaki lilikuwa ni kutamka. Mratibu alifungua kinywa. Baba yake alikuwa anamtazama kwa upole na heshima, jinsi mtu anavyomtazama karani wa dirishani anayemhudumia vizuri. Hakumwomba kitu. Mtazamo huo ndio uliomshinda.

"Mzee huyu ana mtoto," akasema. "Yumo humu melini. Ni mimi."

Wachache walicheka, wakidhani ni utani. Mzee akainua mkono wake ulio huru.

"Mratibu amechoka, ndugu zangu. Kazi nyingi. Mpeni kiti akae."

"Baba, usinifiche tena. Huyu ni baba yangu. Mimi ndiye niliyemkataza asiseme."

Kicheko kilikufa. Breki, asiye na haraka, ndiye aliyetangulia kusema. "Kwa hiyo tulipokuwa tunamsema mtoto wake, wewe ulikuwa unatusikiliza?"

"Ndiyo."

"Nawe uliniambia watu wengine hawana haya," Mama Sindano akasema, wala hakupaza sauti. "Kumbe ulikuwa unajitambulisha."

Mratibu alidhani akishasema atapata nafuu. Watu husema hivyo, kwamba ukweli ukitoka mzigo unatua. Alimgeukia baba yake akiitafuta nafuu hiyo usoni mwake. Mzee hakuwa anamtazama yeye. Aliwatazama wenzake, meza moja baada ya nyingine, kama mtu aliyekutwa na kitu cha watu mfukoni. Kisha akauachia mkono wa Mama Sindano, akatoka.

Binti alimkuta darasani, amekaa kwenye dawati lake, ubaoni kuna hesabu za asubuhi ambazo hazijafutwa. Alivuta kiti, lakini hakuthubutu kukikalia.

"Mbona umefanya hivyo?" mzee akauliza.

"Nilishindwa kumkabidhi mtu baba yangu."

"Hukuwa unanikabidhi. Nilikwisha kwenda kwao mwenyewe." Alisugua dawati kwa kiganja. "Ungeniuliza kwanza. Neno lako nimelibeba tangu siku ile. Nimetapika mpaka nyongo, hilo sikulitapika. Leo umelimwaga mbele ya darasa langu lote. Yule mama amenilisha kwa kijiko akidhani sina mtu. Sasa mimi ni nani kwake? Mzee mwongo aliyekula huruma za watu."

"Nisamehe, baba. Ni yale masharti ya kazi, niliogopa..."

"Hayo masharti tuyaache."

Alisema taratibu, na binti akajua, kabla hajaambiwa.

"Nilimwuliza nahodha," mzee akasema. "Juma lile lile. Nilimwuliza kwa nini mfanyakazi hatakiwi kuwa na jamaa yake humu. Akashangaa. Akaniambia mbona mpishi ana mpwa wake darasa la kuandika, na wanakula pamoja. Nikamwambia ahsante, nauliza tu."

Mashine za meli zilinguruma chini ya sakafu. Siku zote zile mratibu alipomwamkia kwenye ujia, alipofika kizingitini kuuliza habari za mgonjwa kwa sauti ya kikazi, yeye alidhani anadanganya, kumbe alikuwa anaigiza mbele ya mtu aliyekwisha kuujua mchezo mzima.

"Ulijua. Sasa kwa nini ulinyamaza?"

"Mtu akishakuonea haya utamwambia nini?" Mzee akasugua tena dawati. "Nilijisemea nikikaa kimya, nikasoma vizuri, labda utanizoea."

"Nilikuonea haya, baba. Ni kweli."

"Nimeshakuambia najua. Usilirudie, halipendezi kulisikia mara mbili."

Akaomba aachwe amalize hesabu zake. Binti akatoka, akaufunga mlango polepole.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyemwita dada. Walimwamkia, kwa sababu ni watu wazima wenye adabu, lakini salamu zilikuwa kama za mtu anayepita njia. Aliingia ukumbini ameshika sinia lake. Kawaida alikula na walimu. Baba yake alikuwa amekaa kati ya Breki na Mama Sindano. Ilionekana wamekwisha kusemezana, na waliyosemezana hakuambiwa. Alisogea akasimama kando ya meza yao. Walimu walikuwa wanatazama. Kila mtu alikuwa anatazama.

"Naweza kukaa?"

Breki aliendelea kupaka mkate wake. Mama Sindano alitazama dirishani.

"Kaa," mzee akasema. Alipokwisha kukaa, akamwonyesha Mama Sindano kwa kidevu. "Huyu ni dada yako. Jana alisimama yeye kwanza, kwa hiyo yeye ndiye mkubwa. Hataki kusema na wewe, nami sitamlazimisha."

"Sawa, baba."

"Si sawa bado. Nyumbani kwetu mdogo ndiye anayeinuka. Dada yako kikombe chake kimekwisha chai."

Binti alinyoosha mkono. Mama Sindano alikizuia kikombe kidogo kwa vidole viwili, macho bado yako dirishani, kisha akakiachia.

Kwa kawaida wafanyakazi wa meli hawakupanga foleni. Walipita mbele, na wanafunzi walikwisha kuzoea. Mratibu alikwenda nyuma kabisa, akasimama na kikombe cha mwenzake mikononi, amevaa sare yake. Foleni ya chai ilikuwa ndefu, na hakuna aliyempisha.