Kidonge Kilicholala Kinuni

…kidogo tu, cheupe, kimelala ndani ya kinu cha jiwe kama jino la mtoto, na mchi uko mkononi mwa Ngatirah, umeinuliwa, haujashuka, maana nyumba hii dawa husagwa, mama yake alisaga, hata yule daktari wa zamani wa mji wao wa Kudus alikuwa akisaga vidonge na kufunga unga wake kwenye vikaratasi, unga, maji ya ukwaju, sukari kidogo, unateremka wenyewe kooni, sasa kwa nini yule daktari wa jana, binti mwenye miwani… "Bibi, kimeze kizima, asubuhi, usikitafune, usikisage, dawa hii hutoka polepole kutwa nzima, ukikivunja inaingia yote mara moja, inaweza kukuangusha kwa degedege," sauti laini kama mtu anayembembeleza kuku aingie bandani, kidonge cha kupunguza huzuni, akasema, na kiu ya sigara nayo itapungua, endelea kuvuta wiki hii, wiki ijayo tuchague siku ya kuacha, na Ngatirah akacheka moyoni, aache karafuu, yeye aliyesokota sigara za karafuu miaka thelathini na mbili, vidole vikinuka hata wakati wa kuomboleza, na Sumini wa meza ya pili kiwandani akipiga kelele, "We Ngatirah, unavuta kuliko unavyosokota, bosi atakulipa moshi!" na ukumbi mzima ukacheka… miezi saba sasa tangu Darsono azikwe na bado anapika wali wa watu wawili, anawasha sigara moja kwa kipisi cha nyingine, moshi unapanda unakaa pale alipokuwa akikaa mumewe… "Mama!" huyo ni Retno, mke wa mwanawe, anaanika nguo uani, "umeshameza, au unakibembeleza kwanza kilale?" "Nakuja, mwanangu," anajibu, wala haendi popote, mchi unaanza kuwa mzito, kwa sababu kulikuwa na swali jingine, binti aliinua macho kwenye karatasi, "Umewahi kuanguka kifafa, Bibi, hata utotoni? Mwenye kifafa hapewi dawa hii," na Retno alikuwa ameketi pale pale na mkoba wake magotini, na Ngatirah akatikisa kichwa, hapana, upesi upesi, kama mtu anayefukuza nzi… kisima, majani ya migomba, ndoo inaviringika peke yake, ana miaka tisa, mbingu imegeuka maziwa, kisha uso wa mama yake juu yake, mkubwa kama mwezi, na majirani, "Ana nini huyo?" na mama, "Hana kitu, kasalimiwa na pepo mwenyeji wa kisima," kisha usiku sikioni mwake, usimwambie mtu, mwanangu, hakuna atakayekuoa, na alipoanguka tena akiwa na kumi na moja mama alifunga mlango kwanza ndipo akamshika kichwa… hakumwambia mtu, hata Darsono, miaka arobaini na moja kitanda kimoja, sasa yuko chini ya mchanga naye hajui, na mama yuko chini ya mchanga, basi siri hii anamfichia nani, ameshaolewa, ameshazaa, ameshafiwa, nani atakuja kumkataa leo… ila Retno akimkuta sakafuni, povu mdomoni, atadhani ni moyo, atampaka mafuta ya kuchua ya kayuputi, atalia, hatajua la kumwambia daktari… harufu ya sabuni inaingia dirishani, mchi bado uko juu, kidonge bado kizima, na mdomo wake unafunguka kabla hajauruhusu, "Retno." "Naam, Mama?" "Jana nilimdanganya yule binti." "Ulimdanganya nini?" na ajabu, neno lenyewe ni jepesi, kumbe lina silabi tatu tu, "Kifafa, mwanangu, nilikuwa nacho," na kandambili zinakuja mbio, "Usikiguse, Mama, usikiguse kabisa, nampigia simu sasa hivi," na Ngatirah, mkono ungali hewani, anawaza tu jinsi mama yake wa siku ile anavyoonekana mdogo leo, mwanamke wa miaka thelathini hivi, anayetetemeka nyuma ya mlango uliofungwa.