Mkojo wa Mzee Elkana

Kwa miaka saba nimesafisha haja za wazee wa Texas kwenye makao ya kuwatunza, na sijawahi kukunja uso. Lakini lile dumu la mkojo ndani ya friji yangu, kando ya sukuma wiki, linanitia kichefuchefu hadi leo.

Mwaka ulikuwa 2006. Baba mkwe wangu, Mzee Elkana, alikuja Mansfield, huku Texas, kututembelea kutoka Kisii, na wiki ya pili tu miguu ikamvimba hadi viatu vikakataa. Akipanda ngazi kumi anasimama mara mbili. Bima hakuwa nayo, kwa hiyo nikamtafutia nafasi katika utafiti wa kliniki moja ya Fort Worth. Daktari alieleza kwamba moyo ukichoka kusukuma damu hutoa kitu fulani, na kitu hicho huonekana hata kwenye mkojo. Walitaka mkojo wote wa saa ishirini na nne, uwekwe kwenye baridi. Kikionekana kingi, Mzee angeanzishiwa dawa mara moja.

Hapo ndipo chinsoni ilipotuingilia. Hiyo ni haya yetu Wagusii, kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe, na kati ya baba na mwana pia: mambo ya utupu na ya choo hayaguswi. Mume wangu Sheldon alikuwa akifanya kazi mji wa mbali, Katy, na kurudi nyumbani kila Ijumaa. Nilimkabidhi dumu nikamwambia hiyo ni kazi ya mwana. Kusema kweli nilishukuru. Mimi, muuguzi mzima, sikutaka hata kuuona mkojo wa mzee yule.

Jumapili jioni dumu lilikuwa limejaa. Nililibeba kwa ncha za vidole nikiwa nimegeuza uso. Niliona rangi tu, njano kali ya kuumiza macho, nikafunga mlango wa friji upesi.

Siku nane baadaye majibu yakaja: moyo wa Mzee ulikuwa kama wa kijana. Sheldon alifurahi kuliko ilivyostahili. Mzee naye alikuwa akilala ameketi, maana akijinyoosha anakosa pumzi.

Jumamosi iliyofuata niliingia bafuni, nikakuta Sheldon hakuvuta maji. Njano ileile. Ni vile vidonge vyake vya vitamini, anavyomeza ili aonekane mwanamazoezi. Nikamfuata jikoni kumuuliza kama lile dumu alilijaza mwenyewe. Hakukana.

“Ulitaka ni-do aje, Kerubo? Nimshikie mzee dumu akikojoa? Hiyo siwezi. Nikaona ni sample tu, mkojo ni mkojo.”

Na huyo ana digrii mbili. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini Mzee hakuwa ameficha chochote. Alifichiwa na mwanawe, huku mwenyewe akivimba.

Nilikwenda kubisha chumbani kwa Mzee, macho chini, nikamwambia ninahitaji mkojo wake. Akasema hakuna aliyewahi kumwomba. Siku nzima alijaza kidogo kidogo, na kila mara aliliacha dumu mlangoni limefunikwa taulo. Mkojo ulikuwa kidogo, mzito, rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Nililibeba kwa mikono miwili.

Tuliporudi kliniki sote watatu, kipimo cha pili kilikuwa juu sana. Daktari alishangaa moyo umebadilikaje namna hiyo ndani ya wiki tatu. Akaanza kushuku kwamba kipimo chenyewe ndicho kibovu. Aliniuliza mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mkalimani. Sheldon akatazama viatu vyake. Mzee hajui Kiingereza, lakini mwanawe anamjua.

“Mwambie ni chakula cha huku, mwanangu,” akaniambia taratibu. “Usimwaibishe bwanako.”

Kumbe alijua. Sheldon alinichukiza, na mimi na ncha zangu za vidole nikajichukiza zaidi. Nilimgeukia daktari nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mkojo wa kwanza ulikuwa wa mume wangu, huyu hapa, na kwamba mimi niliona rangi yake nikageuza uso. Daktari akafuta majibu ya kwanza, akaandika dawa.

Mzee akauliza mbona chakula kimekuwa na maneno mengi hivyo.

“Ni kirefu kwa Kiingereza, Baba,” nikamwambia.

Sheldon, aliyeelewa kila neno, alikuwa ameshatoka nje.